Uhakiki wa sentensi moja: “Keneli hugawa kumbukumbu kwa kila kifaa”



Mjadala wa kompyuta na tarakilishi nimeufuata kimya kimya, kama nilivyoufuata ule wa ngamizi kabla yake, na sina nia ya kuufufua. Mie ni mtu wa mitambo, si mwanaisimu. Shahada yangu ya uzamivu niliipata hapa Uingereza kwa kuhangaika na keneli, na nimeshakaa Tottenham miaka mingi kuliko niliyokaa Tanga nilikozaliwa. Ninachotaka kukihakiki leo ni sentensi moja tu ya Kiswahili. Mwandishi wake namfahamu vizuri, maana ni mimi mwenyewe.

Sentensi ni hii: “Keneli hugawa kumbukumbu kwa kila kifaa kilichounganishwa na kompyuta.” Niliiandika mwaka 2006 kwenye vikaratasi vya darasa la Jumamosi, tulipokuwa tukiwafundisha vijana wa Afrika Mashariki bila malipo kwenye ukumbi wa kukodi karibu na Seven Sisters. Nilijivunia sana sentensi ile. Ukiliacha hilo neno keneli, yote ni Kiswahili kilichotulia, hata marehemu mama angeisoma bila kukwama. Ubaya wake ni kwamba si kweli, na kuna kijana aliyeiamini.

Kijana huyo Mpemba, mwaka 2008, alikuwa akisafisha ofisi usiku na kusoma mchana. Akadunduliza, akanunua kompyuta ya mtumba kwenye duka moja la High Road, akaambiwa ina kumbukumbu ya gigabaiti 4. Kuiwasha nyumbani, Windows XP ikamwonyesha 3.25. Sasa tazameni alivyofikiri, maana alifikiri sawasawa kuliko mwalimu wake. Akatoa karatasi yangu. Mwalimu kasema keneli hugawa kumbukumbu kwa kila kifaa. Basi hiyo iliyopungua imekwenda kwa vifaa. Akachomoa printa, akawasha upya: 3.25. Akachomoa kamera, kisha spika: 3.25. Akabaki na kibodi na kipanya tu: 3.25. Kama vifaa vimeondoka na kumbukumbu haikurudi, basi haikuwamo tangu mwanzo. Akarudi dukani, akamwita mwenye duka mwizi mbele ya wateja. Mwenye duka, mzee wa Kituruki, akamtoa nje na kumwambia asikanyage tena pale.

Jioni akaja kwangu na koti lake la kazini. “Mwalimu, nimeibiwa,” akasema, “na ushahidi ni karatasi yako.”

Hakuibiwa. Gigabaiti 4 zilikuwamo ndani ya sanduku, zote. Prosesa ya biti 32, kwa jinsi Windows XP ilivyoitumia, ilikuwa na namba 4,294,967,296 za kutaja, yaani gigabaiti 4 kamili, na haikuweza kutaja hata moja zaidi. Kila baiti ya kumbukumbu inahitaji namba yake ili prosesa iifikie. Lakini prosesa huzungumza na kadi ya picha kwa njia hiyo hiyo: inaandika kitu kwenye namba fulani, na nyuma ya namba ile hapana kumbukumbu ya kompyuta, pana kadi. Kwenye mashine ya kijana, dirisha la kadi ya picha lilishika namba za megabaiti 256. Jedwali la mipangilio ya basi la PCI Express (basi hapa ni njia ya waya, si lile la karakana ya Philip Lane) likashika megabaiti 256 nyingine. Kadi ya mtandao, kadi ya sauti, programu ya kuwashia mashine na wenzao wakajigawia zilizobaki. Jumla megabaiti 768. Namba hizo huwekwa juu kabisa, kwenye giga ya nne, na kumbukumbu ambayo ingesimama pale inabaki haina pa kuitwa. Vyumba vilikuwepo, zilizokwisha ni namba za mlango.

Wajuzi mtasema mbona tangu Pentium Pro ya mwaka 1995 prosesa ziliweza kutaja namba za biti 36, yaani hadi gigabaiti 64. Kweli, na Linux ilikuwa ikilitumia jambo hilo tangu toleo la 2.4 la mwaka 2001. Windows XP ya biti 32 haikuvuka dari ya 4, na sababu mojawapo iliyotolewa na watu wa Microsoft wenyewe ni madraiva: mengi yaliandikwa na watu ambao hawakuwahi kudhani kuna namba zaidi ya hapo, na yalipokutana nazo yaliangusha mashine nzima. Kwa hiyo hata dari lile lilikuwa ni habari ya vifaa.

Na printa? Kwa nini kuichomoa hakukubadili kitu? Kwa sababu printa ya USB haina namba ya mlango. Aliye nayo ni kidhibiti cha USB kilichotiwa risasi kwenye ubao mkuu. Printa, kamera na kipanya ni wapangaji wake. Kijana alifukuza wapangaji akidhani mwenye nyumba atapunguza eneo. Maneno “kila kifaa kilichounganishwa” ndiyo yaliyompeleka huko.

Jinsi namba hizo zinavyotolewa ni jambo la kupendeza, na nasikitika kwamba darasani sikuwahi kulisimulia. Mashine ikiamka haijui ina vifaa gani. Programu ya kuwashia, au keneli yenyewe, hupita kwenye basi la PCI ikibisha hodi. Kila kifaa kina vijisanduku, kwa kawaida hadi sita, vya kuandikiwa anwani. Keneli huandika moja tupu kwenye biti zote za kijisanduku, kisha husoma kilichorudi. Kifaa hakiwezi kushika biti zote, zile za chini kinazirudisha zikiwa sifuri, na idadi ya sifuri hizo ndiyo jibu la swali “unataka nafasi kiasi gani?” Kifaa kinachotaka megabaiti 16 hurudisha sifuri kwenye biti 24 za chini, ukiacha zile chache zinazotumika kueleza aina yake. Baada ya hapo keneli huandika namba ya mwanzo, na kuanzia dakika hiyo kifaa kinaitika kwenye namba zile. Mwenye Linux afungue faili la /proc/iomem akiwa na mamlaka ya msimamizi, ataona mtaa mzima umepangwa: kumbukumbu huku, kadi kule, na mapengo katikati.

Mwaka 2006 yote haya niliyaita “kugawa kumbukumbu”. Hapa kumbukumbu haikugawiwa hata chembe. Kilichogawiwa ni anwani.

Nalilaumu neno kumbukumbu kidogo, ingawa makosa ni yangu. Kwa Kiswahili kumbukumbu ni za mkutano, ni Kumbukumbu la Torati, ni zile za mtu kumkumbuka mtu. Kila mara ina mwenyewe na ina kinachokumbukwa. Ukisema “kumbukumbu ya printa” msikilizaji anaelewa kwamba printa inakumbuka kitu. Kiingereza nacho kilianza na sitiari hiyo hiyo. John von Neumann mwaka 1945, katika ripoti yake ya mashine ya EDVAC, aliieleza kompyuta kwa viungo vya mwili na ubongo, na Wamarekani wakaendelea naye. Lakini Waingereza wa zamani hawakusema hivyo. Wale wa Manchester na Cambridge waliojenga mashine za mwanzo waliiita stoo. Tom Kilburn na wenzake walipozindua Atlas pale Manchester mwaka 1962, mashine iliyoanzisha mpango wa anwani za kufikirika tunaoutumia hadi leo, walieleza kwamba wamejenga stoo ya ngazi moja. Stoo! Neno ambalo kila duka la Tanga linalo nyuma ya pazia. Tulikuwa nalo, tumelichukua kutoka kwa hao hao Waingereza, tukaenda kutafsiri sitiari ya Wamarekani.

Stoo haikumbuki kitu. Ina sakafu, ina mlango, ina mtu mwenye ufunguo, na kona yake unaweza kumwazima mwenzio kwa siku mbili. Ningeanza na stoo darasani, kijana angeniuliza swali la maana: sakafu ipo, mlango uko wapi?

Sisemi tubadili neno. Limeshakaa, liko kwenye simu za watu. Wala siwalaumu waliofanya kazi ya kutafsiri kompyuta miaka ile. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotupatia Jambo OpenOffice mwaka 2004, na Microsoft waliofuata na Windows ya Kiswahili, kazi yao ilikuwa ni kile kinachoonekana kwenye kioo: faili, hariri, hifadhi, chapisha. Waliifanya. Sisi walimu wa chini ya kioo ndio tuliookota nomino zao tukadhani zinatosha. Tuligombania majina ya vitu, kifaa au zana, maunzi au vyuma, hata kiendeshi, ambacho mmoja wetu anakitumia kwa diski na mwingine kwa programu. Vitenzi hatukuvigusa. Na kazi ya keneli, jamani, ni vitenzi vitupu.

Twende basi kwenye hicho kitenzi, kugawa, maana ziko nyakati ambapo keneli kweli hutoa kumbukumbu, sakafu halisi ya stoo, kwa ajili ya kifaa. Kadi ya mtandao ikipokea data, ingewezekana prosesa kuibeba baiti moja moja hadi kwenye kumbukumbu. Ni kama kumtuma daktari akabebe maji. Kwa hiyo kifaa huruhusiwa kwenda stoo chenyewe kikaandika, kisha kikamgutua prosesa kwamba kazi imekwisha. Mpango huu unajulikana kwa herufi DMA. Na hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu, kwa sababu kifaa hakijui anwani tunazotumia sisi.

Sisi tuliokulia Afrika Mashariki hili tunalifahamu mifupani. Anwani yetu ilikuwa S.L.P. Barua ilifika sandukuni posta, na sanduku halikuwa na uhusiano wowote na nyumba ilipo. Ukihama kutoka Ngamiani kwenda Chumbageni S.L.P. inabaki ile ile. Programu za kompyuta nazo zinatumia S.L.P. Kila programu inaona namba zilizofuatana vizuri, na jedwali ambalo prosesa hulisoma ndilo linalojua kila namba iko nyumba gani. Sasa kifaa ni mwenye mkokoteni aliyebeba saruji. Ukimpa S.L.P. ataimwaga saruji mlangoni kwa posta. Yeye anataka kuambiwa nyumba ya tatu baada ya msikiti. Draiva akikosea akampa kifaa anwani ya kufikirika badala ya ile halisi, kifaa hakitalalamika. Kitaandika. Kitaandika juu ya kitu cha mtu mwingine, na mashine itaanguka dakika kumi baadaye mahali pasipohusika kabisa. Nimepoteza usiku mwingi sana wa ujana wangu kwa kosa hili.

Jambo la pili ni kufuatana. Keneli hutunza kumbukumbu kwa kurasa, kila ukurasa baiti 4096 kwenye mashine nyingi, na kurasa huru huzifunga mafungu ya moja, mbili, nne, nane, na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili. Kwenye Linux ya kawaida fungu kubwa kabisa ni kurasa 1024, yaani megabaiti 4. Mashine ikishafanya kazi siku mbili tatu mafungu makubwa yanakatwakatwa. Nafasi inaweza kuwa tele lakini imetawanyika. Programu ya kawaida haijali, kwa kuwa S.L.P. zake zinafuatana hata kama nyumba ziko mitaa tofauti. Kifaa duni kinajali sana. Ndiyo maana Linux ina milango miwili ya kuombea: kmalloc hukupa sakafu iliyofuatana kweli kweli, vmalloc hukupa vyumba vya hapa na pale vyenye namba zinazofuatana kwenye karatasi tu. Kwa Kiswahili changu cha 2006 yote mawili yalikuwa “kugawa”. Mwanafunzi angejuaje kwamba la kwanza linaweza kukataliwa huku nafasi ipo?

Kamera ndizo zilizosumbua zaidi. Picha moja kubwa inataka megabaiti kadhaa zilizofuatana, na kamera ya simu haitaki kungoja. Zamani dawa ilikuwa kuidanganya keneli. Mashine ina megabaiti 256. Unaiambia wakati wa kuwaka kwamba ina 240. Hizo 16 hazijui, hivyo haiwezi kuzikatakata, na draiva wa kamera anazitumia peke yake. Huku si kugawa. Huku ni kuweka wakfu. Mali imetolewa kwenye mzunguko, haiuzwi wala hairithiwi, na inatumika kwa jambo moja tu hata kama jambo lenyewe linatokea mara moja kwa mwezi. Mtu wa pwani ukimwambia wakfu hahitaji maelezo zaidi, na papo hapo atauona na ubaya wake: eneo zuri limelala bure.

Mwaka 2012, katika Linux 3.5, ukaingia mpango mwingine uliotengenezwa na wahandisi wa Samsung. Huu nimeuelewa vizuri zaidi tangu uwanja mpya wa Spurs ufunguliwe mwaka 2019, na sitanii. Uwanja unachukua watu 62,850, na mitaa inayouzunguka ina masharti yake ya siku za mechi. Siku ya kawaida maegesho hayana msukosuko, kila mtu anatia gari lake akipata nafasi. Siku ya mechi sheria inageuka, na asiye na kibali aondoke. Mpango wa 2012 ndio huo huo. Eneo kubwa lililofuatana linatengwa mapema, lakini halifungwi. Programu za kawaida zinaruhusiwa kulitumia kwa sharti moja: kurasa zao ziwe za kuhamishika. Kamera ikiwashwa, keneli inawahamisha wote kwenda sehemu nyingine, inasahihisha majedwali yao ya S.L.P. ili wasijue hata kwamba wamehama, na kamera inakuta uwanja mweupe. Ikizimwa, wanarudi wanaotaka. Tatizo lake nalo ni la kimtaa. Wakati mwingine kuna ukurasa mmoja uliopigiliwa misumari na mtu, hauhamishiki, kama gari ambalo mwenyewe hajulikani, na kamera nzima inakwama kwa ajili yake.

Kuhusu vifaa vya kale nisikawie. Kadi za basi la ISA ziliweza kutaja biti 24 tu, yaani megabaiti 16 za mwanzo, kwa hiyo keneli iliwatunzia wazee hao kitongoji chao cha chini. Kifaa kisichofika mbali, data yake huandikwa kwanza karibu, kisha prosesa huinakili kwenda inakotakiwa. Kazi mara mbili, lakini inafanyika.

Lililo zito ni la kukabidhiana. Prosesa ina kashe, daftari lake dogo la pembeni ambako huandika mambo kabla ya kuyapeleka stoo. Kifaa hakilioni daftari hilo, isipokuwa kwenye mashine ambazo vyuma vyenyewe hulinganisha mambo. Kwa hiyo kabla ya kukiachia kifaa nafasi, draiva lazima atangaze: sasa ni yako. Daftari linamiminwa stoo. Kuanzia hapo prosesa haigusi nafasi ile, haisomi wala haiandiki, mpaka kifaa kimalize na draiva atangaze kwamba imerudi. Akichungulia katikati atasoma habari ya jana. Mimi nilipokuwa mwanafunzi kanuni hii nilifundishwa kwa Kiingereza kikavu, na nikaikosea mara kadhaa. Neno lake nilikuwa nalo tangu chuoni kwa Maalimu: amana. Aliyepewa amana ana haki ya kuishika, mwenyewe haji kuidokoa usiku, na siku ya kurudisha inarudishwa nzima. Kwa hiyo kitenzi ni kukabidhi, na kinataka pande mbili na muda.

Na kama aliyekabidhiwa si mwaminifu? Kwa miaka mingi hili halikuulizwa. Kifaa chenye DMA kilikuwa mgeni aliyepewa ufunguo wa nyumba nzima. Kikitaka kusoma neno la siri lililo chumba kingine, hapakuwa na wa kukizuia. Baadaye likaja jedwali la pili, IOMMU, ambalo huvipa vifaa navyo S.L.P. zao, ili kifaa kione tu kile kilichofunguliwa kwa ajili yake. Jedwali hilo hilo hulegeza na lile sharti la kufuatana, kwani kurasa zilizotawanyika sasa zinaweza kuonekana kwa kifaa kama mstari mmoja. Lakini mwaka 2019 watafiti wa Cambridge na wenzao, kwa kazi waliyoiita Thunderclap, walionyesha kwamba kifaa kinachojifanya kadi ya mtandao kiliweza kupenya hata jedwali likiwa limewashwa, kwa kuwa mifumo ilikuwa ikifungua zaidi ya kilichohitajika. Mlinzi yupo getini, milango ya ndani iko wazi.

Nimebakiwa na kaneno kadogo, “kwa”. Hugawa kwa kila kifaa. Kifaa hakiombi, hakina mdomo. Anayeomba ni draiva, wakili wake, na jinsi anavyoomba inategemea yuko katika hali gani. Akiomba kwa utulivu, keneli inaweza kumwambia subiri kidogo nikutafutie, ikahamisha vitu, ikampa. Akiomba katikati ya kugutuliwa, wakati kadi imekwisha piga kengele, hawezi kusubiri. Apewe papo hapo au akose. Wakili asiyejiandaa kukosa huiua mashine. Kumfuta wakili kwenye sentensi ni kumficha mwenye makosa, maana mashine nyingi zilizoanguka mkononi mwangu aliyeziangusha alikuwa draiva.

Mtaniuliza nani anayahitaji haya kwa Kiswahili, wakati kila anayeandika draiva anajua Kiingereza. Nimeulizwa hivyo hapa hapa, na profesa mmoja ninayemheshimu. Jibu langu si la uzalendo. Wapo Nairobi waliotengeneza BRCK, kile kisanduku cha intaneti kilichotangazwa mwaka 2013, na kisanduku kama kile ndani yake ni kadi na madraiva yanayokabidhiana nafasi mchana kutwa. Watu wa kazi hiyo tunao. Wakikaa mezani wanasema Kiswahili, kwa nomino za Kiingereza na vitenzi vyetu, na kitenzi chetu kikiwa kimoja tu, “gawa”, mawazo manne tofauti yanaingia kwenye chungu kimoja. Halafu yupo kijana wangu. Alikijua Kiingereza cha kazini. Cha kufikiria, cha kukaa sakafuni usiku na kuchomoa waya mmoja mmoja akipima hoja, kilikuwa Kiswahili. Alikitegemea na kikamwangusha, na niliyekitengeneza ni mimi.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda wote wawili kwa yule mzee wa Kituruki. Nilimweleza kwamba aliyekosea ni mwalimu. Akatutazama muda mrefu, akaniuliza nafundisha wapi. Nikamwambia. Akasema naye ana mjukuu, darasa ni shilingi ngapi, yaani paundi ngapi. Nikamwambia ni bure, ila kwa Kiswahili. Akacheka. Kijana alisamehewa lakini hakununua tena kitu pale. Alisema anaona haya.

Karatasi ile nimeiandika upya mwaka huu. Mahali pa sentensi ile pana hizi: “Keneli hukipa kila kifaa kilicho kwenye basi namba zake za mlango. Kifaa kikihitaji nafasi ndani ya stoo, draiva wake hukiombea. Keneli hutenga nafasi inayofaa, hupata anwani ambayo kifaa kinaielewa, na draiva huikabidhi. Kazi ikiisha, draiva huipokea tena.” Ni ndefu, najua. Nimemtumia kijana, ambaye sasa ana ndevu za mvi na watoto watatu, akanijibu kwa swali. Anataka kujua ule mpango wa siku ya mechi ninauitaje.

Sina neno. Wakfu sio, kwa kuwa wakfu haukaliwi na wengine. Kuazima sio, maana anayeazima anajua siku ya kurudisha. Kupanga sio, hakuna kodi. Kwetu Tanga, na nadhani Unguja na Pemba pia, mtu huachiwa kulima muhogo chini ya minazi ya mwingine: ardhi si yake, minazi si yake, anapanda kile tu kinachong’oka upesi, na akiambiwa apishe anapisha. Ule ukaaji wa kulima pasipo pako mpaka utakapoambiwa pisha, wazee wa kwenu waliuitaje? Nataka kitenzi, waungwana, si nomino.

Wenu,
Mzee wa Tottenham, N17